Usiisubiri Harusi: Kwa Anayeanza Kuzitazama Filamu za Mwisho za Ozu

Mtu akiniambia ameanza kumtazama Yasujiro Ozu, mwongozaji filamu wa Japani, namuuliza kwanza ameanzia filamu gani. Wengi wametajiwa Sanma no aji ya 1962, filamu yake ya mwisho, wakaiendea moja kwa moja, wakaishia katikati. Siwashangai. Nami niliishia dakika ya arobaini. Nilikuwa najifunza uhariri wakati huo, mkono umezoea kukata shoti (kipande cha picha kati ya mkato na mkato) kila baada ya sekunde chache, nikafunga kompyuta nikisema hapa hakuna kinachotokea.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usianzie hapo. Rudi nyuma kidogo, kwenye Banshun ya 1949, isiyo na rangi. Binti anaishi na baba yake mgane, umri wa kuolewa unampita, naye hataki kumwacha mzee peke yake. Chishu Ryu ndiye baba, Setsuko Hara ndiye binti. Ukiimaliza, ruka miaka kumi na moja hadi Akibiyori ya 1960. Utamkuta Hara yuleyule, ila safari hii yeye ndiye mama mjane, na binti asiyetaka kuolewa ni wake. Ozu na mwandishi mwenzake Kogo Noda waliirudia hadithi ya kumwoza binti wakijua wanachofanya. Ukishajua mambo yataishia wapi, hukimbizani tena na kisa. Jicho linapata nafasi ya kutazama chumba.

Na chumba kina mengi. Ozu alichelewa kuingia kwenye rangi. Ya kwanza ni Higanbana ya 1958, na kuanzia hapo hadi mwisho alitengeneza sita, zote za rangi. Alichagua mkanda wa kupigia filamu wa Agfa, kampuni ya Ujerumani, kwa sababu ulimpa wekundu alioutaka. Sasa, ndani ya Higanbana kuna birika jekundu. Zima sauti, tazama robo saa nzima, ufuate birika hilo tu. Katika shoti moja liko hapa, katika inayofuata liko kwingine, na hakuna aliyeligusa. Mara ya kwanza niliandika daftarini "kosa la mwendelezo". Si kosa. Kamera ya Ozu imewekwa chini, karibu na mikeka ya tatami, lenzi ni ya milimita 50 karibu siku zote, na katika filamu hizi za rangi kamera haisogei. Kwa kuwa kamera imetulia, vitu ndivyo vinavyosogezwa, mpaka kila shoti ikae sawa kama picha iliyotundikwa ukutani. Ukiwa mwanafunzi wa uhariri, fanya zoezi hili kabla hujasoma chochote kuhusu Ozu. Ukisoma kwanza utaliona birika la waandishi badala ya la kwako.

Na tafadhali usiongeze kasi ya video. Nimewaona vijana wakifanya hivyo ili "waimalize".

Baada ya hapo rudi kwenye Sanma no aji, na usiisubiri harusi, maana hutaiona. Tunamwona Michiko, binti anayeozwa, nyumbani, amevaa nguo za bibi harusi, anamuaga baba yake, anaondoka. Kisha vyumba vitupu. Kisha ni usiku na wazee wanakunywa. Bwana harusi hatumwoni hata mara moja. Jambo ambalo filamu nzima ilikuwa ikilizungumzia limepita katikati ya shoti mbili.

Niliuelewa mkato huo baada ya harusi ya dada yangu. Video ya ukumbini tunayo, saa tatu kamili, na sijui mara ya mwisho tuliifungua lini. Ninachokumbuka mimi ni mzee wetu usiku ule uani, bado yuko na suti, anahesabu viti vya kukodi. Alifika mwisho, akasimama kidogo, akaanza kuhesabu upya. Wiki hiyohiyo nikaitafuta tena ile filamu niliyoiacha.

Kuna sini mbili za kukaa nazo. Ya kwanza ni ya mwalimu mzee ambaye wanafunzi wake wa zamani walimpa jina la utani la kibuyu. Wamemwalika, wamemlisha samaki aitwaye hamo, naye anauliza kwa furaha ya kitoto ni samaki gani. Baadaye wanampeleka kwake akiwa amelewa, kwenye kibanda cha tambi anachokiendesha na binti yake. Mkewe alifariki, naye akamweka binti nyumbani amtunze. Sasa binti amekuwa mtu mzima hajaolewa. Wageni wakishaondoka, binti anakaa karibu na baba aliyelala kwa ulevi, analia. Hirayama, baba yake Michiko, amekiona kibanda hicho, na kila anachofanya baadaye kinatokea hapo.

Ya pili ni ya baa. Hirayama (ni Ryu tena) akitoka kumwoza Michiko haendi nyumbani moja kwa moja. Anapita kwenye baa ambayo mwanamke anayeiendesha anamkumbusha marehemu mkewe. Hirayama amevaa suti nyeusi. Mwanamke anamuuliza kama ametoka mazikoni. Anajibu kwamba ni kitu cha namna hiyo. Hapandishi sauti, hafuti machozi. Ukiwa umeziruka sini za baa za mwanzoni, jibu hilo litapita kama maneno ya kawaida tu.

Utasikia watu wakisema filamu hii ni kuaga kwake. Kuwa mwangalifu na kauli hiyo. Ni kweli kwamba Ozu hakuoa maisha yake yote, aliishi na mama yake, na mama huyo alifariki Februari 1962 mswada ukiwa bado unaandikwa. Ni kweli pia kwamba yeye mwenyewe alifariki kwa saratani tarehe 12 Desemba 1963, siku aliyotimiza miaka 60. Lakini alikuwa tayari na filamu nyingine aliyoipanga na Noda. Mtazame kama fundi aliyekuwa bado kazini, utaona mengi zaidi.

Iliyobaki ni Kohayagawa-ke no aki ya 1961. Ndani yake wakulima wawili kando ya mto wanatazama bomba la mahali pa kuchomea maiti, wanaona moshi haujaanza kutoka, na baadaye unatoka. Ni filamu yenye vicheko vingi kabla ya hapo. Iache iwe ya mwisho kwenye orodha yako, na kama nyumbani kwenu kuna msiba wa karibuni, ngoja kwanza upite mwaka.