Kufuli la chumba cha uani

Barua yako nimeisoma mara tatu, mwanangu wa Makorora. Unasema kijana wako wa kwanza, mwenye miaka 22, aliacha chuo mwaka juzi alipoanza kusikia sauti za watu wasioonekana. Hospitali "haikusaidia kitu". Umezunguka kwa waganga saba, mpaka kiwanja mlichokinunua Pongwe kimeuzwa. Na mumeo, "mwanaume asiye na uchungu", kavunja kufuli usiku, kamchukua mtoto, kampeleka Korogwe kwa dada yake, wifi yako ambaye unaamini ndiye aliyemroga. Unauliza utamrudishaje mwanao, na kama udai talaka.

Pole sana. Kumwona uliyemzaa anakutazama kama hakujui ni msiba usio na matanga. Hilo nakupa. Sasa tuseme kweli.

Kufuli lilikuwa la nini? Umelitaja mara moja tu, kama mtu anayepita haraka mbele ya mlango wa mdai wake: "tulimweka chumba cha uani kwa usalama wake". Tulimweka nani? Mumeo dereva wa lori, umesema mwenyewe kwamba wiki mbili hayupo. Karudi kamkuta mwanawe wa kumzaa anapokea sahani dirishani. Ulitaka alivunje asubuhi, majirani wakitazama?

Mimi nimezaliwa Ngamiani. Mdogo wangu wa kiume alifungwa mnyororo mguuni, na sisi watoto tuliambiwa tukiulizwa tuseme yuko Unguja kwa mjomba. Uji nilikuwa nampelekea mimi. Akilishika bakuli kwa mikono miwili, ananywa bila kuninyanyulia macho. Alipofunguliwa, pale mnyororo ulipokaa pakabaki kovu la kung'aa, halikuota unywele mpaka anakufa. Basi usiniambie kufuli ni usalama. Kufuli ni la aibu yetu, na anayeilipa ni mgonjwa.

Tuje kwenye hospitali isiyosaidia kitu. Mistari michache chini umeandika kwamba wiki ya tatu ya vidonge vya hospitali ya Bombo kijana alianza kulala usingizi, akatoka kula na wadogo zake. Kisha mate yakawa yanamchuruzika, shingo ikakakamaa, vidole vikatetemeka hata vifungo vya shati vikamshinda, ukaona wanamuua, ukaviacha. Mwanangu, hospitali ilisaidia! Uliyeacha ni wewe. Kukakamaa na kutetemeka ni tabu inayojulikana ya dawa za akili kama haloperidoli, na daktari ana namna: hupunguza kipimo, hubadili dawa, au huongeza kidonge cha kutuliza mitetemeko. Anayeshindwa na vidonge vya kila siku, ipo sindano ya mara moja kwa mwezi. Lakini lazima urudi useme. Ukizikatiza kimyakimya kwa sababu tabu zimezidi, au kwa sababu mtoto kaonekana mzima, ugonjwa hurudi, na mara nyingi hurudi na hasira.

Wifi yako namtetea leo mbele ya watu. Skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye dalili kama hizi za kusikia sauti, kwa kawaida huanza umri huohuo wa mwanao, kijana akiwa ndiyo kwanza anachipukia. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu mtu mmoja katika kila 300 hivi anao. Damu ya ukoo inaweza kuchangia, bangi inauchochea, na bangi umeigusa kidogo ukaiacha, nadhani unajua zaidi ya ulivyoandika. Kule hospitali ya Lutindi, milimani Usambara, ambako mumeo anampandisha mtoto kliniki, wagonjwa wa akili wanatunzwa tangu 1904. Wote hao kawaroga wifi yako? Ukitaka mwanao asomewe, asomewe, na dawa ameze. Dua haijawahi kugombana na kidonge.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa wake. Mume asipolia mbele za watu, hana uchungu. Asipojibu maneno, ana mwanamke nje. Mama zetu walijua kwamba mwanaume wa pwani wakati mwingine huzuni yake huiweka kwenye mikono. Huyu wako kaacha safari zake mwezi mzima, kakaa na mwanawe, anamshika mkono wakivuka barabara. Wewe unamwita jiwe. Ukidai talaka sasa, kadhi atakuuliza kosa la mume, nawe utajibu nini? Kwamba kampeleka mtoto hospitali?

Sijasema wewe ni mama mbaya. Umechoka, na aliyechoka huona adui kila upande. Umemkesha peke yako miaka miwili, huku ukimlilia yule kijana wa zamani aliyekuwa akiongoza darasa. Mlilie, ni haki yako, ila usimtake huyu wa leo awe yule. Akikwambia anasikia sauti, usibishane naye wala usimcheke. Mwambie, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutisha," ukae karibu. Nyumba ya makelele na lawama humrudisha mgonjwa nyuma upesi. Akianza kukosa usingizi siku mbili tatu, usingoje tarehe ya kliniki. Akitaja kufa, ni siku hiyohiyo, na sumu ya panya na kamba ziondoke nyumbani. Zamu ya kukesha gawaneni na mumeo na huyo wifi, nawe ulale. Mama asiyelala hana subira ya kumpa mtu.

Ijumaa hii panda basi la asubuhi uende Korogwe. Usiende kumrudisha, nenda ukakae naye. Mchukulie fulana za kuvaa kichwani, zisizo na vifungo, mpaka mikono yake itulie. Ukifika, kabla hujamwona mtoto, mwamkie wifi yako na umwambie ahsante kwa kunitunzia mwanangu. Mumeo atakuwepo. Ufunguo wa chumba cha uani mpe yeye, mkononi.