Kabla ya kuiga gia nzima, iga kijiti kimoja

Mwanafunzi akiniletea modeli ya kompyuta ya gia ya chuma cha moto inayozamishwa kwenye mafuta ili iwe ngumu, yenye elementi (vipande vidogo vya kukokotolea) laki kadhaa na rangi za kupendeza, namwuliza: kijiti chako cha dailatomita, kifaa cha kupima urefu unavyobadilika na joto, kiko wapi? Wengi hawana.

Kijiti hicho ndicho cha kuanzia. Kipashe joto kwenye kompyuta mpaka chote kiwe austenaiti, umbo la chuma kikiwa cha moto sana, kisha kipoze. Kitasinyaa, halafu martensaiti, umbo gumu la chuma kilichopozwa haraka, ikianza kitarefuka ghafla, kisha kisinyae tena taratibu zaidi. Programu isiyoweza kuchora mstari huo haina la kukuambia kuhusu gia.

Kiasi cha martensaiti kikague kwa kikokotoo. Kwa kanuni ya Koistinen na Marburger ya 1959, austenaiti inayobaki ni e kwa kipeo cha −0.011 mara nyuzi ulizoshuka chini ya Ms, yaani joto ambalo martensaiti huanza. Ms ikiwa 320, ukifika 220 theluthi mbili zimeshageuka. Ukifika 20 imebaki kama asilimia 4. Peraliti na beinaiti, maumbo ya chuma kinachopoa polepole zaidi, hutegemea muda, kwa hiyo huko utahitaji kanuni ya Avrami.

Sasa palipo na kazi. Chuma kinachoanza kupinda bila kurudi kwenye MPa 400 hunyumbuka asilimia 0.2 tu, ilhali martensaiti inapozaliwa urefu huongezeka kwa karibu asilimia 1. Austenaiti laini iliyo jirani lazima ikubali, hata kama nje hakuna nguvu yoyote. Greenwood na Johnson walilieleza hili mwaka 1965: ukiongeza mzigo mdogo wakati huo, hata ulio chini kabisa ya kiwango cha kupindisha austenaiti, kijiti hubaki kimerefuka kuelekea mzigo. Fikiria daladala iliyojaa, abiria wanasukumana kila upande. Mteremko kidogo tu ndio huamua wote wataegemea wapi.

Wengi huiacha sehemu hii kwa sababu programu hukubali bila kulalamika. Usiiache. Poza kijiti halisi cha chuma hicho hicho chini ya mizigo miwili au mitatu midogo, chora urefu wa ziada dhidi ya mzigo, na mteremko wa mstari utakaopata ndio K yako, namba ya kuiingiza kwenye programu. Afadhali K ya chuma chako kuliko ya jedwali la chuma cha mwingine.

Ndipo urudi kwenye gia. Endesha modeli mara mbili, K ikiwepo na ikiwa sifuri, ulinganishe mikazo iliyobaki ndani ya chuma kwenye uso wa meno baada ya kupoa. Usipoona tofauti yoyote, angalia kama K uliiandika kwa MPa au kwa Pa.