Faru au kiboko? Uaminifu wa msoma nyayo katika ripoti ya doria

Swali: Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji nchini Tanzania, na katika doria kazi yangu ni kusoma nyayo. Tulikuta unyayo mpana ulioharibika kwenye tope kando ya mto, na kiongozi wa doria akaniagiza niandike kwamba ni wa faru mweusi, ingawa sikuwa na hakika. Baadaye wageni wa kambi ya utalii waliniomba picha yake na mahali ulipo. Maadili ya kazi yananitaka nifanye nini?

Jibu: Ndugu askari, andika ulichokiona, kisha utenganishe waziwazi na unachokidhani. Faru huacha alama ya vidole vitatu na kiboko vinne, lakini kwenye tope laini kidole cha pembeni huweza kufutika, na hapo unyayo wa kiboko ukadhaniwa kuwa wa faru. Kwa hiyo usiishie kwenye unyayo mmoja. Fuata njia ya mnyama huyo utafute kinyesi, kwa kuwa kiboko hula nyasi, ilhali faru mweusi hula matawi, na kinyesi chake huonyesha vipande vya vijiti vilivyokatwa mshazari. Kagua pia vichaka alimopita: tawi lililoliwa na faru huwa limekatika kama kwa mkasi, wakati tembo hulirarua na kuacha nyuzinyuzi. Usipopata ushahidi huo, ripoti yako isomeke hivi: “Unyayo wa mnyama mkubwa, vidole vitatu vimeonekana, cha nne hakikuthibitika, huenda ni faru.” Ongeza vipimo, na picha iliyopigwa rula ikiwa kando ya unyayo.

Kiongozi wako huenda ana nia njema, kwani habari ya faru humfurahisha kila mhifadhi. Hata hivyo, ripoti ndiyo inayoamua askari wapelekwe wapi, na faru wa kwenye karatasi atawaondoa walinzi mahali wanapohitajika kweli. Vilevile, msoma nyayo huweza kuitwa mahakamani katika kesi ya ujangili, na huko aliyezoea kuandika dhana kama hakika hataaminika hata siku anaposema kweli. Mwambie kwa heshima: “Afande, naomba niandike kwamba huenda ni faru, kisha turudi tukatafute kinyesi.” Sioni utovu wa nidhamu katika ombi hilo.

Mfano mzuri uko Afrika Kusini, ambako Louis Liebenberg alianzisha mwaka 1994 mitihani ya wasoma nyayo inayofanyika porini. Katika utaratibu wake, anayekosea swali rahisi hupoteza pointi tatu, lakini anayekosea swali gumu sana hupoteza moja tu. Naupenda mpango huo, kwa sababu unakubali kwamba zipo nyayo ngumu hata kwa bingwa, huku ukimwadhibu vikali anayetamka jambo la wazi bila kutazama.

Kuhusu picha, usiwatumie wageni, wala usiwaelekeze mahali, hata wakiwa watu wema unaowafahamu. Faru weusi barani Afrika walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, na kufikia mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500, hasa kwa sababu ya ujangili wa pembe. Simu nyingi huhifadhi ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, endapo huduma ya mahali imewashwa. Hata ukiizima, kilima au mbuyu ulio nyuma ya unyayo humtosha mtu anayeijua nchi. Picha za kazi zipelekwe kwa wakubwa wako wa doria peke yao, na zisisambazwe katika kundi la simu ambalo huwajui wote waliomo.

Wageni hao bado wanaweza kufundishwa. Wachukue kwenye nyayo za twiga, pundamilia au fisi, uwaonyeshe kwamba alama za kucha za fisi huonekana na za chui kwa kawaida hazionekani. Wakitaka kufuata njia ya mnyama, ifuateni kinyume, kuelekea alikotoka: mtasoma alipolala, alipokula na alipokunywa maji, naye ataendelea na safari yake bila kusukumwa na watu nyuma yake, jambo lililo muhimu zaidi mama anapokuwa na ndama.