Hedhi inaruka na usiku unalowa jasho: si wazimu, dada

Pole sana dada. Umesema una miaka 46, hedhi inaruka miezi miwili, usiku unaamka umelowa jasho, na hasira zinakupanda bila sababu. Huna wazimu. Mimi nilikuwa nageuza mto kutafuta upande wa baridi, kanga mbichi shingoni, nikidhani ni malaria.

Mara nyingi ni kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Homoni ya kike iitwayo estrojeni haishuki taratibu, inapanda na kushuka ovyo, ndiyo maana leo u mzima, kesho huna usingizi. Huweza kuchukua miaka kadhaa. Hedhi huhesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kabla ya hapo mimba bado inaingia, kwa hiyo usiache kinga.

Andika tarehe za hedhi na za jasho hilo la usiku, umpelekee daktari. Apime pia tezi ya shingo (thairoidi), maana ikiwa na hitilafu dalili zake hufanana na hizi. Dawa za homoni zipo, ila mwambie kama umewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda.

Ukilowesha pedi kila saa, au damu ikirudi baada ya ile miezi 12, nenda hospitali mara moja.