Mzee wa Bondeni alikuwa nani kwangu

Binti yangu, uliyebeba jina la mama yangu,

Uliniuliza kwa simu, na niliusikia uchungu katika sauti yako: "Baba, umekuja Nakuru usiku kumzika mtu ambaye hujawahi kumwona, tena Mwislamu, ukaondoka bila hata kubisha mlangoni kwangu. Alikuwa nani kwako?" Jibu lake haliishi kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka Machi 2020, makanisa na misikiti ilipofungwa. Julai ruhusa ilipotoka, ilikuwa watu wasiozidi 100, ibada isipite saa moja, na sisi tuliovuka miaka 58 tukaambiwa tukae nyumbani. Hapa Kaimosi, ambako kanisa letu la Marafiki, yaani Wakweka, lina mizizi tangu 1902, wazee tulibaki tukisikia nyimbo kwa mbali. Nikaanza kuandika tafakari fupi jioni na kuwatumia washirika kwa simu.

Kisha mama yako akatutoka. Watu walinitumia mistari ya faraja, nami niliipokea kwa shukrani. Lakini mimi niliandika juu ya Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka sifa kabla hazijaisha. Hii haigeuki, inaishia gizani. Niliandika kwamba namshukuru Mungu kwa kuiacha sala hiyo ndani ya Biblia jinsi ilivyo, na kwamba usiku ule sikuwa na la kuongeza.

Wengi walinyamaza. Mmoja alinipigia akinisihi nisiwavunje watu moyo.

Jibu lililonigusa lilitoka Bondeni, huko kwenu Nakuru. Kijana wa kwetu aliyekuwa akishona katika duka la mzee mmoja alimsomea maneno yangu, na mzee akanitumia ujumbe wa sauti. Alisema Zaburi hiyo haijui, ila katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, akawaambia huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. "Na alikuwa Nabii," akasema. Mwishoni akaniambia kwamba yeye pia amemzika mtoto.

Mwanangu, nimekaa na watu kanisani tangu utoto. Tunaambiana "Bwana asifiwe", tunaulizana habari za mahindi na karo, na hatujui nani hulala akilia. Anayekutazama huona kwanza ukoo wako, na kiti unachokalia kanisani. Mzee yule hakuwa na cha kutazama. Alikuwa na maneno yangu tu, akayajibu hayo. Mimi nikayajibu ya kwake, na hivyo tukaendelea, mimi nikiandika, yeye akisema.

Juu ya Yesu hatukukubaliana, na hakuna aliyejifanya amekubali. Aliniuliza kwa nini sisi Marafiki hatubatizi kwa maji. Nikamuuliza anaamkaje kwa swala ya alfajiri na magoti yanauma. Nilimsimulia habari za Mary Fisher, mtumishi wa nyumbani kutoka Uingereza, Rafiki wa siku zile za mwanzo, ambaye mwaka 1658 alifika mbele ya Sultani Mehmed IV wa Waturuki kule Edirne kumpelekea ujumbe aliosadiki umetoka kwa Mungu. Sultani alimsikiliza kwa heshima, akataka kumpa watu wa kumsindikiza, mama wa watu akakataa. Mzee alicheka sana. "Angekubali," akasema, "msindikizaji ni heshima kwa mgeni." Na kwa kuwa najua jambo hili nalo linakusumbua: hakuwahi kuniomba hata shilingi.

Mwanawe alinipigia baada ya swala ya Isha kuniambia mzee amefariki. Kwetu marehemu hukaa mochari wiki nzima tukichanga na kuwasubiri walio mbali. Wao hawamcheleweshi maiti. Nikapanda gari Chavakali, nikabadilisha Kisumu, tukapita Kericho na Mau Summit, nikashuka Nakuru kungali giza. Nilikwenda moja kwa moja msibani. Baada ya mazishi nilikuwa nimechoka mno kuongea na mtu, hata wewe, na hilo lisikuumize.

Swala ya jeneza siijui, basi nilisimama nyuma yao kimya. Uso wake sikuuona. Makaburini mwanawe alinivuta mbele, nikatupa udongo mafumba matatu kama wao, na mtu mmoja akauliza mimi ni nani. Kijana akasema, "Ni ndugu yake baba, wa Kaimosi." Hilo ndilo jibu langu kwako pia.

Mjane wake yuko eda, miezi 4 na siku 10, kwa hiyo hatoki. Nakuomba uende kumpa pole kwa niaba yangu. Jifunike kichwa, beba sukari na unga, na ukae naye kidogo, usiharakishe. Namba ya mwanawe nakutumia leo jioni. Mpigie kabla hujaenda.

Baba yako