Muulize Fundi: Chambo changu kinazunguka kama feni

SWALI: Shkamoo fundi. Mi niko Pangani, narambaza nguru na kolekole, yaani nakokota chambo nyuma ya ngalawa ya mjomba. Rapala za dukani, vile vyambo bandia vya umbo la samaki, bei imenishinda, nguru akikata mara moja hela ishaenda, nikaona bora nichonge zangu tatu za mwembe, nikapuliza rangi zikapendeza kweli. Kufika baharini moja inazunguka kama feni mpaka mshipi wote umejisokota, ya pili inakimbilia kushoto tu, ya tatu kolekole kaila vizuri ila baada ya siku mbili rangi ikavimba ikabanduka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marhaba mwanangu. Hiyo ya feni nahisi hujaiwekea uzito tumboni. Toboa chini, karibu na ndoana ya mbele, shindilia kipande cha chubwi, ile risasi ya mshipi, halafu iweke ielee kwenye diaba ikiwa na ndoana zake zote, maana ndoana nazo ni uzito, ikilala ubavu bado. Hii unafanya KABLA ya rangi. Na risasi usiyeyushie jikoni wanapopikia watoto, ni sumu ile.

Ya kushoto ni ndogo, shika pete ya puani kwa plaizi uikunje kulia kidogo tu, kidogo sana, ujaribu tena. Ikigoma angalia mdomo, kile kibapa cha mbele, labda umeukata kombo.

Sasa rangi, hapa ndo wengi mnaponiudhi, mnakimbilia urembo. Mti ulikuwa mkavu? Mwembe uliokatwa juzi ukipakwa rangi leo lazima utaachia, na hata ukiwa mkavu maji yanapita kwenye matundu ya waya au skrubu, mti unavimba toka ndani. Chovya mti mzima kwenye vanishi nyepesi, matundu yanywe, acha ukauke, piga msasa, rangi nyeupe, ndo sasa mapambo yako, mwisho paka mara mbili araldaiti, ile gundi ya kuchanganya, huku unaigeuzageuza isichuruzike. Kila mkono upe siku yake. Na usipulize rangi ya gari juu ya rangi ya mafuta, itajikunja kama utando wa maziwa. Huyo Lauri Rapala mwenyewe, mvuvi wa Ufini, ile ya 1936 alichonga gome la koki kwa kisu cha fundi viatu, akavisha karatasi za chokoleti, juu akapaka negativu za picha alizoyeyusha, kwa hiyo usiniambie huna vifaa.

Halafu hujasema ndoana umezifungaje. Kama ni skrubu tu basi nguru atakuachia mti mkononi aondoke na ndoana. Pasua tumbo kwa msumeno, laza waya wa stenlesi mmoja toka puani mpaka mkiani, ndoana zining'inie humo, ziba na araldaiti. Mti ukivunjika samaki bado unaye.

Ukirudi suuza kwa maji ya kisima, anika kivulini, jua kali linapasua, na usizirundike mbichi kwenye kopo moja, kutu inahama. Tundu la meno likikauka ziba na rangi ya kucha isiyo na rangi, muombe dada yako, hiyo kitu inashika balaa. Ndoana noa kwa tupa, ikiliwa na kutu badilisha.

Ile iliyovimba usitupe, ikwangue yote, iache kivulini wiki mbili ndo ushike msasa.