Presha imeshuka kwa yoga: niache dawa?

Swali

Sista, hujambo? Mimi ni mama wa miaka 52, nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Nina presha mwaka wa nne sasa na nameza amlodipini ya 5 kila jioni. Kwa miezi mitatu binti yangu amekuwa akinifundisha yoga nyumbani: alfajiri dakika 20, mikao kama mitano, halafu nalala chali na kupumua polepole. Usingizi umerudi na hasira zimepungua, hata wateja wameona. Wiki iliyopita nilipimwa baada ya mazoezi nikapata 126/80. Mwalimu wa kundi letu la mazoezi akasema mwili umejisawazisha, niache vidonge, ninywe chai anayouza ya kutoa sumu, na niongeze kusimama kwa kichwa ili damu irudi ubongoni. Leo ni siku ya tano bila dawa na presha ni 130/84. Je, nimepona? Na ni mkao upi unaomaliza presha kabisa?

Jibu

Hapana mama, hujapona, na mkao wa kumaliza presha haupo. Leo jioni rudia kidonge chako, kimoja kama kawaida, usimeze vitano kufidia. Wiki hii pitia kliniki yako na useme wazi kwamba uliacha. Ukigombezwa, vumilia.

Swali lako naulizwa karibu kila siku ya kliniki hapa Nakuru, ila huwa limebadilisha nguo. Leo limevaa yoga, kesho kitunguu saumu, keshokutwa maji ya uvuguvugu na ndimu. Ndani ni wazo lilelile: mashine ikisoma vizuri, ugonjwa umeondoka. Wazo hilo ndilo linalonichosha kuliko mengine yote katika kazi hii, kwa sababu anayeliamini si mgonjwa mzembe. Ni yule mwenye bidii, aliyefuata kila alichoambiwa, akaona matunda, kisha akakata mti.

Wewe ukienda Gikomba, Nairobi, kufuata mzigo, basi lako linateremka Sachangwan kuelekea Salgaa. Unajua sifa ya ule mteremko na malori yaliyoishia pale. Dereva akiwa ameshika gia nzito na breki, lori linashuka taratibu. Sasa utingo amwambie, "Bosi, mbona gari limetulia, achia breki." Limetulia kwa sababu gani? Ile 126 yako ilisomwa dawa ikiwa imekanyagwa. Vidonge vya presha havifanyi kazi kama dawa ya malaria, unamaliza dozi na vijidudu vimekufa. Vinalegeza mishipa kwa muda vikiwa mwilini, vikiisha mishipa inarudi ilivyokuwa.

Utauliza, mbona basi siku ya tano bado ni 130? Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Amlodipini hutoka mwilini kwa mwendo wa kinyonga: inachukua kama saa 30 hadi 50 kwa nusu yake tu kuondoka, halafu muda kama huohuo kwa nusu ya iliyobaki. Kwa hiyo leo bado una mabaki ya dawa, unayasifia kama mafanikio ya yoga. Hesabu hiyo ungenipigia wiki ya tatu, mabaki yakiwa yameisha.

Na una bahati ni amlodipini. Kama ungekuwa unatumia atenolo, dawa nyingine ya presha, ukaikata ghafla, moyo ungeweza kuanza kwenda mbio ndani ya siku chache, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hilo linaweza kuleta shambulio. Je, huyo mwalimu alikuuliza unameza dawa gani? Nina hakika hakuuliza. Wote hawaulizi.

Tukija kwenye kipimo chenyewe, ulipimwa ukitoka kulala chali na kupumua polepole. Hapo hata mimi ningesoma vizuri. Kipimo cha kuaminika ni cha kukaa kitini dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini bila kupandisha mguu juu ya mguu, mkono usawa wa moyo, umeshakwenda haja ndogo, hujanywa chai wala kahawa nusu saa iliyopita, na mdomo umefungwa. Watu hupenda sana kupiga gumzo wakipimwa! Pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uandike kwenye daftari, zikiwemo zile siku ambazo umefungua robota ukakuta matambara matupu. Nazo ni maisha yako.

Usidhani naidharau yoga. Mimi mwenyewe hutandika mkeka kabla ya zamu, magoti yangu ya miaka hii yakikubali. Pumzi za polepole, kama sita kwa dakika, huipa nafasi ile mishipa ya fahamu inayotuliza moyo, na presha hushuka pointi chache. Ni faida ya kweli. Ukiongeza kutembea kwa kasi hadi ufikishe dakika 150 kwa wiki, uzito ukapungua na chumvi ikapungua, daktari akiona daftari lako anaweza siku moja kupunguza dozi. Anapunguza yeye, kwa vipimo, huku akikufuatilia.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo tu. Kiasi cha siku nzima kisizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye chakula. Ugali hauna kosa. Kosa liko kwenye samaki wa chumvi na vile viungo vya paketi vya kukolezea mchuzi, ambavyo mtu humwagia sukuma halafu akaongeza na chumvi juu.

Endelea na mikao yako ya taratibu: paka na ng'ombe (magoti na viganja chini, mgongo unapanda na kushuka), mkao wa mtoto (umepiga magoti ukainama mbele) huku paji la uso likiwa juu ya mto, mkao wa maiti, yaani ule wa kulala chali. Usibane pumzi. Zile pumzi za haraka kama mivukuto ya mhunzi ziache. Ukimaliza, geuka ubavu kwanza, kaa, ndipo usimame, maana dawa na kuinuka ghafla vinaweza kukuletea kizunguzungu. Kusimama kwa kichwa, la. Kunaongeza shinikizo kichwani na machoni, na kama una presha ya macho usiyoijua, hapo ndipo unapojiumizia. Damu yako haijawahi kuhama ubongoni ikahitaji kurudishwa. Ingehama, usingeniandikia.

Kuna jambo hukulisema nami nalikisia. Je, vifundo vya miguu vinavimba jioni? Amlodipini hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, na nimeona akina mama wengi wanaoacha dawa kwa sababu hiyo wakasingizia jambo jingine. Kama ndivyo, sema kliniki. Zipo dawa nyingine, unabadilishiwa.

Sasa hiyo chai. Sumu gani inayotolewa? Muulize aitaje jina. Kazi ya kusafisha damu inafanywa na figo na ini usiku na mchana bila kudai malipo, na kinachoziharibu figo kimyakimya ni presha ileile ambayo chai inakufanya uache kuitibu. Chai nyingi za namna hii ninazoletewa zina sanamaki, majani ya kuharisha. Unaharisha, unaona tumbo limeingia ndani, unasema sumu imetoka. Kilichotoka ni maji na potasiamu. Mwenye presha anayemeza pia kidonge cha kukojosha anaweza kupoteza potasiamu mara mbili, na ikipungua sana moyo unapiga bila mpangilio.

Hawa wauzaji hawapo wakati matokeo yanapokuja. Mwaka jana tuliletewa mzee mmoja, dereva, mkono wa kushoto hauinuki na maneno hayatoki. Mkewe alitoa vidonge kwenye mkoba, vya miezi miwili, havijafunguliwa. Alikuwa ameambiwa na muuza unga wa dawa kwamba amepona, na yeye mwenyewe alikuwa hasikii chochote. Presha haina kengele. Mtu anaweza kuwa na 180 akicheka na majirani, na yule anayekuambia "mimi nikipanda naisikia" humwambia hivyohivyo jirani asubuhi ya siku anayopata kiharusi. Huyo aliyemuuzia unga tulisikia yuko mji mwingine, anaendelea kuuza.

Ile chai usiimwage, mama. Ipeleke kliniki na paketi yake, wasome kilichoandikwa nyuma, kama kuna kilichoandikwa.